Annie Oakley: Bingwa wa shabaha aliyejua saa ya kuinua bunduki

MWANAMKE mmoja mfupi wa kimo, aliyevalia mavazi aliyojishonea mwenyewe, alikuwa akisimama mikono mitupu mbele ya maelfu ya watazamaji. Bunduki yake ilikuwa imelazwa chini, ng'ambo ya meza. Shabaha zilipokwisha kurushwa hewani ndipo alipotoka mbio, akairuka meza, akaiokota bunduki, akaipachika begani na kuzipasua shabaha hizo kabla hazijagusa ardhi.

Huyo alikuwa Annie Oakley, Mmarekani aliyefariki dunia Novemba 3, 1926 akiwa na umri wa miaka 66. Karibu karne moja baadaye, ni nadra kuzungumzia ulengaji shabaha bila jina lake kutajwa.

Mchezo ule wa meza ulikuwa burudani, lakini ndani yake mlikuwa na swali ambalo wapigaji wa bunduki za marisau wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja. Je, mtu aitangulize bunduki begani kabla shabaha haijatokea, au aisubiri shabaha kwanza ndipo ainue silaha yake?

Wahenga walionya kwamba haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema chelewa chelewa utampata mwana si wako. Maisha ya Oakley yalipita katikati ya methali hizo mbili.

Mtoto wa mjane

Alizaliwa Agosti 13, 1860 katika kibanda cha magogo huko Darke, kaunti ya mashambani katika jimbo la Ohio, na akapewa jina la Phoebe Ann Mosey. Babake, Jacob, alinaswa na dhoruba ya theluji akiwa njiani kurudi nyumbani, akaugua, na mnamo 1866 akaaga dunia. Mamake, Susan, akabaki na watoto wengi na mfuko mtupu.

Ufukara ulipozidi, binti huyo alipelekwa katika nyumba ya kuwatunza maskini ya kaunti, akiwa na umri wa takribani miaka tisa au kumi. Huko ndiko alikojifunza kushona, ufundi ambao baadaye ulimwezesha kujitengenezea mavazi yote ya jukwaani.

Kutoka hapo alichukuliwa na familia moja iliyoahidi kumlipa ujira na kumsomesha. Badala yake alifanyishwa kazi za kitumwa, akapigwa, na usiku mmoja akafungiwa nje kwenye baridi kali. Alipokuwa mtu mzima hakutaka kuwataja watu hao kwa majina, bali aliwaita mbwa mwitu. Aliishi kwao kwa muda wa karibu miaka miwili kabla ya kutoroka.

Aliporejea kwa mamake, alishika bunduki kuukuu ya marehemu babake na kuingia msituni. Alichokiwinda hakikuwa cha chakula cha nyumbani pekee. Alikiuza kwa duka moja mjini Greenville, nalo likawa likipeleka nyama hiyo hadi katika hoteli za Cincinnati. Kabla hajatimiza umri wa miaka 16, alikuwa amelipa deni lote la dola 200 lililokuwa limewekewa rehani shamba la mamake.

Ni muhimu kukumbuka jambo hili ili kuelewa alivyoipata stadi yake. Bunduki ya wakati ule ilijazwa baruti na marisau kupitia mdomoni mwa mtutu, na kujaza upya kulichukua muda. Ndege akikoswa, alikwenda zake, na pamoja naye zilikwenda baruti, marisau na chakula cha siku.

Msituni, ndege wa jamii ya kwale hujificha majanini hadi mwindaji anapomkaribia kabisa. Kisha huchomoka kwa kishindo, na hakuna ajuaye ataelekea kulia, kushoto au juu ya miti. Mwindaji hawezi kutembea maili nzima akiwa ameibana bunduki begani. Mikono itachoka, shingo itakakamaa, na miguu itajikwaa kwa kuwa mtutu unaziba sehemu ya chini ya upeo wa macho.

Zaidi ya hayo, kuna suala la usalama. Bunduki iliyo begani wakati wote hugeuka pamoja na mwili wa mwenye kuibeba, na mdomo wake huweza kuwapitia wenzake au mbwa wa kuwindia. Ndiyo maana kanuni ya porini imebaki ile ile tangu enzi hizo: mdomo wa bunduki uelekezwe mahali salama, macho yatangulie, na bunduki ifuate.

Pambano la Cincinnati

Wakati huo, kupiga shabaha kulikuwa mchezo uliopendwa mno Marekani. Mmoja wa waliojipatia riziki kwa kazi hiyo ya jukwaani alikuwa Frank Butler, mhamiaji kutoka Ireland. Butler alipofika Cincinnati, aliweka dau la dola 100 dhidi ya mwenye hoteli mmoja, akijigamba kuwa angemshinda mpigaji yeyote wa eneo hilo.

Mpinzani aliyeletwa alikuwa msichana kutoka mashambani. Wanahistoria wametofautiana kuhusu mwaka wa pambano hilo, baadhi wakisema ni 1875 na wengine 1881, ila wanakubaliana kuhusu matokeo. Butler alikosa ndege wake wa mwisho, wa 25, naye msichana akaibuka mshindi.

Katika mashindano mengi ya njiwa hai ya miaka hiyo, kanuni zilimtaka mpigaji aweke tako la bunduki chini ya kiwiko hadi njiwa aanze kuruka. Lengo lilikuwa kuufanya mchezo ufanane na uwindaji wenyewe. Kwa mtu aliyekuwa amekulia jukwaani, hilo lilikuwa sharti. Kwa binti wa Darke, ilikuwa desturi yake ya kila siku.

Butler hakuweka kinyongo. Alimchumbia msichana huyo, wakaoana, na ndoa yao ikadumu hadi kifo. Mnamo 1882, mwenzake Butler wa jukwaani alipougua, mke aliingia kushika nafasi yake. Umati ulipomshangilia kuliko ulivyomshangilia mumewe, Butler alifanya jambo ambalo wanaume wachache wa karne ile wangelifanya. Hatua kwa hatua aliondoka jukwaani na kuwa meneja wa mkewe. Ni katika kipindi hicho ndipo alipochukua jina la Annie Oakley.

Kutoka njiwa hadi udongo

Mji huo huo wa Cincinnati ulikuwa ukileta mapinduzi mengine. Mnamo 1880, mkazi wake George Ligowsky alipata hataza ya kisahani cha udongo kilichorushwa kwa mtambo. Kabla ya hapo, waliotaka kuepuka kuua njiwa walitumia mipira ya kioo iliyorushwa juu, ambayo ilienda polepole na kuacha vigae uwanjani. Kisahani cha Ligowsky kilisafiri kikiwa kimelala, kikateleza hewani kama ndege anayekimbia hatari.

Uvumbuzi huo ulibadilisha pia jibu la swali la bunduki. Katika mchezo wa visahani, mpigaji husimama mahali palipopimwa na mtambo huwa mbele yake. Kisahani hakitoki mpaka yeye mwenyewe atoe amri. Hajui kitakwenda upande gani, lakini anajua kitatoka wapi na lini, na kila mara kitakuwa kikimkimbia kwa kasi.

Katika hali hiyo, kuitanguliza bunduki begani kuna manufaa. Shavu limekwisha kutulia juu ya kitako, jicho limekwisha kulingana na mtutu, na kilichobaki ni kuufuata mwendo wa kisahani na kubonyeza kifyatulio. Harakati moja imepunguzwa, na pamoja nayo nafasi ya kukosea. Ndiyo sababu, kuelekea mwisho wa karne ya 19, kanuni za mchezo huo zililegezwa na wapigaji wakaruhusiwa kuanza bunduki ikiwa begani.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama yake. Mtutu uliotangulia huziba sehemu ya mahali ambapo shabaha itatokea. Mpigaji huvutwa kuutazama mtutu badala ya kukitazama kisahani, na akikaa hivyo kwa muda mrefu misuli hukakamaa. Kwa kisahani kinachokwenda mbele moja kwa moja, gharama hiyo ni ndogo. Kwa shabaha inayokatiza mbele ya mtu au kumjia kutoka nyuma, ni kubwa.

Oakley alizipiga shabaha za kila aina: njiwa, mipira ya kioo, visahani, hata karata iliyosimamishwa kwa ukingo wake. Katika jaribio moja mjini Cincinnati katikati ya miaka ya 1880, alipasua mipira ya kioo 4,772 kati ya 5,000 kwa siku moja.

Mnamo 1884, akiwa St. Paul, Minnesota, alikutana na Sitting Bull, kiongozi mashuhuri wa Walakota. Mzee huyo alivutiwa naye kiasi cha kumfanya binti yake wa kupanga, akampa jina lenye maana ya mdogo asiyekosa shabaha. Mwaka uliofuata, Oakley alijiunga na kundi la maonyesho la Buffalo Bill, ambalo lilimpa umaarufu kote duniani.

Somo la London

Mnamo 1887 kundi hilo lilivuka bahari hadi London, mwaka ambao Malkia Victoria aliadhimisha miaka 50 ya utawala wake. Malkia alilihudhuria onyesho lao na kuonana na Oakley. Wakuu wa nchi walimiminika kumtazama.

Lakini nje ya ulingo, bingwa huyo alikumbana na jambo lililomtatiza. Njiwa waliotumiwa katika klabu za Uingereza walikuwa wadogo na wepesi kupindukia, na mwanzoni walimshinda. Aliyemsaidia alikuwa mtengenezaji bunduki aliyefanya biashara kwa jina la Charles Lancaster katika barabara ya New Bond. Alimtengenezea bunduki nyepesi zaidi, zilizopimwa kulingana na mwili wake.

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi huipuuza. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma kama ile ya risasi moja. Jicho la mpigaji ndilo kilengeo hicho. Iwapo kitako ni kirefu mno, kitanasa kwapani kinapoinuliwa. Iwapo kimepinda kupita kiasi, jicho litakuwa chini ya mtutu na marisau yatapita chini ya ndege.

Mwenye bunduki isiyomfaa hulazimika kuitanguliza begani ili apate muda wa kurekebisha shingo na shavu. Mwenye bunduki iliyopimwa kwa ajili yake huweza kuiacha chini, akamkazia ndege macho, na inapopanda hufika mahali pale pale kila mara. Baada ya marekebisho hayo, Oakley alialikwa kuwinda katika mashamba ya Uingereza na akafanya vyema mbele ya watu waliokuwa wameuzoea mchezo huo tangu utotoni.

Waliofyatua kabla ya kutazama

Baada ya ziara ndefu Ulaya na miaka mingi ya kuzunguka Marekani, balaa lilitokea Oktoba 29, 1901. Treni iliyowabeba wasanii wa Buffalo Bill iligongana na nyingine katika jimbo la North Carolina. Oakley aliumia mgongo, na akaagana na kundi hilo.

Pigo lililofuata halikutoka kwa chuma bali kwa karatasi. Agosti 1903, magazeti ya Chicago ya tajiri William Randolph Hearst yaliripoti kwamba Annie Oakley alikuwa amekamatwa na kufungwa kwa wizi uliochochewa na uraibu wa kokeni. Magazeti mengine kote nchini yaliinakili habari hiyo bila kuuliza.

Ukweli ni kwamba aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine kabisa, msanii aliyekuwa akijivika jina linalokaribiana na lake. Oakley hakuwa Chicago. Jina ambalo alilijenga kwa miaka zaidi ya 20, na ambalo hakuwahi kulichafua kwa kashfa yoyote, lilikuwa limepakwa tope kwa siku chache.

Magazeti mengi yaliomba radhi na kusahihisha. Yeye hakuridhika. Aliyashtaki magazeti 55, na kwa takribani miaka sita au saba akawa anasafiri kutoka mahakama moja hadi nyingine, akiketi kizimbani kuhojiwa na mawakili kuhusu maisha yake, mavazi yake na mwenendo wake. Hearst alimtuma mpelelezi hadi Ohio kumtafutia dosari, naye akarudi mikono mitupu.

Mwishowe alishinda au kufikia maafikiano katika kesi 54 kati ya hizo 55. Fidia aliyolipwa haikutosha kufidia gharama za mawakili, safari na mapato aliyoyapoteza. Lakini hakwenda mahakamani kutafuta pesa. Alitaka mtu yeyote atakayesoma kumbukumbu za mahakama ajue kwamba yule hakuwa yeye.

Kwa wanahabari, kesi hizo zilibaki fundisho. Wahariri wale walikuwa wameitanguliza bunduki begani na kufyatua pale tu kitu kilipotikisika majanini, bila kukitambua. Makosa kama hayo porini hugharimu uhai wa mtu.

Mwalimu wa wanawake

Oakley aliamini kwamba mwanamke anapaswa kujua kutumia bunduki kama anavyojua kumshika mtoto mchanga. Mnamo 1898, vita dhidi ya Uhispania vilipokuwa vikinukia, alimwandikia Rais William McKinley akijitolea kuongoza kikosi cha wanawake 50 walengaji shabaha. Mwaka wa 1917, Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoa tena pendekezo la kikosi cha wanawake. Mara zote mbili serikali haikulikubali, naye akazunguka katika kambi za jeshi akiwaonyesha wanajeshi ustadi wake.

Baada ya kustaafu maonyesho mnamo 1913, aliishi kwa misimu kadhaa katika mji wa mapumziko wa Pinehurst, North Carolina, akiwafunza wanawake kupiga shabaha bila kuwatoza ada. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake aliwafunza maelfu.

Ilikuwa Pinehurst ambako, mnamo 1922 akiwa na umri wa miaka 61 au 62, alivunja visahani 100 mfululizo bila kukosa hata kimoja, akisimama yadi 16 kutoka kwenye mtambo, yaani karibu mita 15. Mwishoni mwa mwaka huo huo, gari alilokuwemo lilipinduka Florida, akavunjika nyonga na kifundo cha mguu. Tangu hapo alitembea kwa kutumia chuma cha kushikilia mguu, lakini aliurudia uwanja na kupiga tena shabaha.

Afya yake iliendelea kudhoofika kwa ugonjwa wa upungufu wa damu. Alifariki mjini Greenville, karibu na mahali alipozaliwa. Butler, ambaye alikuwa mgonjwa mbali naye huko Michigan, alifariki siku 18 baadaye. Wamezikwa ubavu kwa ubavu katika makaburi ya Brock, Ohio.

Swali halijafungwa

Mwaka ule ule wa 1926, Marekani ilipata jina la mchezo mpya wa visahani uliobuniwa na wawindaji wa Massachusetts: skeet. Mchezo huo ulitengenezwa mahsusi kumpa mwindaji mazoezi ya ndege anayekatiza mbele yake, na mpigaji alitakiwa kuanza bunduki ikiwa chini.

Hadi leo, Michezo ya Olimpiki imeyahifadhi majibu yote mawili. Katika shindano la trap, ambako visahani humkimbia mpigaji, wapigaji hutoa amri bunduki ikiwa begani. Katika skeet, tako la bunduki lazima liguse alama iliyo usawa wa kiuno hadi kisahani kitokee, na mtambo huweza kukichelewesha hadi sekunde tatu baada ya amri ili kumjaribu mpigaji.

Hivyo basi, uamuzi hautegemei ujasiri wala mazoea, bali unategemea kile ambacho mtu anakijua kabla ya kufyatua. Ajuaye shabaha itatoka wapi na lini, na ikiwa kanuni zinamruhusu, aitangulize bunduki. Asiyejua, na mwindaji hajui kamwe, aiache chini na ayatangulize macho.

Mnamo 1946, mchezo wa kuigiza wa muziki kuhusu maisha ya Oakley ulioanza kuonyeshwa New York ulimwonyesha akikosa shabaha makusudi ili apate mume. Maisha yake halisi yalikuwa kinyume. Alimshinda Butler mchana kweupe, naye Butler akampenda kwa sababu hiyo hiyo, na kwa miongo mingi iliyofuata akawa ndiye anayemrushia shabaha hewani huku mkewe akisubiri, bunduki ikiwa bado chini.